Kioo Alipohamia Magurudumu Matatu

Jina la Kioo alilipata siku alipombeba fundi wa vioo pamoja na kioo cha dirisha la duka, kizima, hakina fremu, kirefu kuliko fundi mwenyewe. Wenye magari ya mizigo walikuwa wamekikataa kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Fundi akapanda nyuma ya pikipiki, akakikumbatia kwa ubavu kama mtu anayecheza muziki wa taratibu, na yule dereva, ambaye mpaka asubuhi hiyo aliitwa jina alilopewa na wazazi wake, akaondoa pikipiki polepole kama anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. Waliowaona wakipita sokoni walishika vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nyanya alifumba macho ili asione damu. Upepo ulikuwa unakisukuma kioo upande, na kila ulipokisukuma, pikipiki ililala kidogo upande wa pili, ikainuka, ikalala tena, bila yeye hata kufikiri.

Walipofika, fundi alishuka, akakiegemeza kioo ukutani.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe hukunibeba. Umenimimina kama maji kwenye glasi."

Basi jina likashika. Kijiweni, nyumbani kwa wakwe, hata shuleni kwa binti zake mapacha, walimu walisema, "Baba yao ndiye yule Kioo." Na mwenyewe alilipenda, hakuficha.

Kijiwe cha pikipiki kilikuwa upande mmoja wa barabara, mbele ya duka la dawa. Upande wa pili zilipangwa bajaji, pikipiki za magurudumu matatu zenye paa la turubai na kiti cha abiria nyuma. Baina ya pande hizo mbili kulikuwa na vita vya maneno visivyo na mwisho. Wa bajaji waliziita pikipiki "njia ya mkato ya kwenda wodini." Wa pikipiki waliziita bajaji mabanda ya kuku. Kioo ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Mwanaume mzima unaendesha sebule!" alimpigia kelele mzee mmoja wa bajaji aliyekuwa ameshona mapazia ya maua kwenye gari lake. "Bado kabati la vyombo tu!"

Watu wakavunjika mbavu, na tangu siku hiyo yule mzee naye akawa anaitwa Sebule. Alitabasamu, akafuta kioo chake cha mbele, akasubiri abiria.

Na abiria kila mmoja alikuwa na sababu zake. Mwenye haraka alivuka kwenda kwenye pikipiki, kwa kuwa pikipiki hupita kati ya magari yaliyokwama, hukata uchochoroni, na humshusha mtu mlangoni kwake pale ambapo njia ni upana wa mabega. Mwenye mtoto mchanga, mwenye gunia, mgonjwa, mjamzito, na kila mtu siku ya mvua, alikwenda kwenye bajaji. Kioo aliyajua hayo lakini hakuyakubali. Kwake yeye pikipiki ilikuwa kitu chenye uhai. Iache peke yake bila kigingi, inaanguka. Panda, iondoe, inasimama kwa sababu inakwenda. Bajaji, alisema, imesimama hata ikiwa imekufa, sasa hapo dereva ana kazi gani?

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajawahi kupanda pikipiki ya Kioo, naye ni mama mkwe wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye mtoto wa jicho, aliyeishi upande wa pili wa mji. Kila alipokuja kuwatembelea alikuja kwa miguu, na kila alipoondoka Kioo alimwomba ampeleke.

"Mimi?" alicheka. "Na umri huu, nikumbatie kiuno cha mkwe wangu barabarani, watu wakitazama? Hapana, baba. Nitembee tu."

Kisha Kioo akaugua kifua. Alianza na kikohozi kikavu, akakidharau. Akakonda, suruali ikaanza kumvuka. Mwishoni mkewe, fundi cherehani anayeitwa Mama Pacha, alimfungia mlango na kumwambia hatoki kwenda kokote isipokuwa hospitali. Walimlaza. Kila asubuhi muuguzi alimchoma sindano, wiki baada ya wiki, mpaka akawa hana pa kukalia. Kifua kikapona. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani alisimama kando ya kitanda, akapiga hatua ya kwanza, na wodi nzima ikaruka.

Alidhani ni udhaifu wa kulala sana. Lakini kila alipopiga hatua, mabango, milango na nyuso za watu zilirukaruka kama picha mkononi mwa mtu anayekimbia. Akisimama zinatulia. Akifumba macho ili anawe uso, anayumba na kugonga ukuta. Mama Pacha alimshika mkono mpaka nyumbani, na watu wakadhani amelewa.

Alipopata nguvu kidogo, aliitoa pikipiki uani. Mkewe alikuwa ameketi kwenye cherehani karibu na dirisha, akaacha kushona. Kioo alipanda, akawasha, akaachia klachi taratibu kama alivyofanya maelfu ya mara. Pikipiki ilikwenda umbali mfupi, kama wa mtu na kivuli chake, ikalala kushoto, na yeye hakujua kwamba imelala. Alijua alipoona mchanga umekaribia shavu. Bomba la moshi likamchoma mguu.

"Nimeteleza," alimwambia mkewe.

Uani palikuwa pakavu kabisa.

Siku zilizofuata alikwenda uwanja wa mpira asubuhi, kabla watu hawajajaa. Alianguka kushoto, akaanguka kulia. Mara moja alifika karibu na goli akiwa wima, akaanza kucheka kwa furaha, tairi likagonga tuta dogo, dunia ikaruka machoni mwake, na aliporudi kujitambua alikuwa chini, gurudumu la nyuma bado likizunguka.

Daktari alimweleza kwa upole. Dawa iliyomwokoa kifua ndiyo iliyoharibu sehemu ya ndani ya masikio, ile inayomwambia mtu kwamba yuko wima au ameinama. Hutokea kwa baadhi ya wagonjwa.

"Itarudi lini?" Kioo aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Utazoea kutumia macho na nyayo. Watu wengi huzoea."

"Nimeuliza itarudi lini."

"Hairudi."

Ni Mama Pacha aliyelitaja jambo la bajaji. Alilitaja akiwa amempa mgongo, akipepeta mchele, kwa sababu alijua uso wa mumewe utakavyokuwa.

"Ile inasimama yenyewe, Baba Pacha. Haihitaji masikio."

Kioo aliendelea kuifuta pikipiki yake siku hiyo na iliyofuata. Lakini watoto walikuwa wanakula, na cherehani peke yake isingeweza kuibeba nyumba nzima. Mwishowe pikipiki iliuzwa, na kiwanja walichokuwa wamepanga kujengea nyumba kikauzwa pia, ikaja bajaji kuukuu ya kijani yenye turubai lililopasuka. Kijana aliyeichukua pikipiki aliikanyaga gia ya kwanza vibaya, ikalia kama kitu kilichomwagiwa maji ya moto. Kioo alisikia mlio huo mpaka kona ya mwisho ya mtaa, kisha akaingia ndani, akalala akiwa amevaa viatu.

Aliyejitolea kumfundisha ni Sebule. Hakutafutwa, alikuja mwenyewe na chupa ya maji ya kunywa, akakaa pembeni yake kwenye kiti cha dereva, wamebanana. Kioo alisubiri kejeli. Alikuwa ameandaa hata majibu. Kejeli haikuja, na kutokuja kwake kulimuuma kuliko kama ingekuja.

"Mguu ndani," Sebule alisema waliposimama. Kioo alikuwa ameushusha mguu chini kama afanyavyo mwenye pikipiki. "Ukiushusha hapa, gurudumu la nyuma litaupanda."

Wakaenda tena. Kona ya kwanza, Kioo akaulaza mwili.

"Usilale. Ukilala wewe, chombo chenyewe hakilali."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini umelala."

Shida ilikuwa mikononi. Dereva wa magurudumu mawili akitaka kwenda kushoto kwa kasi, huusukuma mbele mkono wake wa kushoto, kidogo mno, pikipiki ikalala kushoto na kwenda huko. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Mwili hulijifunza wenyewe na ukishalijifunza haumwambii mwenyewe. Lakini kwenye magurudumu matatu, ukiusukuma mbele mkono wa kushoto, gurudumu la mbele linatazama kulia, na gari lote linakwenda kulia. Kioo alipokwenda polepole na kufikiri, aliiendesha vizuri. Aliposhtuka, mikono ilirudi kwenye dini yake ya zamani.

"Ukishtuka, punguza mwendo kwanza," Sebule alimwambia. "Kona za hiki kitu haziingiwi kwa hasira. Kile chako cha zamani kilikuwa kinainama kwenye kona. Hiki kinakutupa nje."

Kioo akahamia upande wa pili wa barabara, akapaki mwisho wa foleni. Wenzake wa zamani walimpungia mikono kwa heshima mpya, heshima ile wanayopewa waliofiwa. Hakuna aliyesema neno sebule. Kwenye msongamano alikaa katikati ya magari, injini ikimpika miguu, akiwaona wa pikipiki wakipita ubavuni kama maji. Barabara mbovu ilipoitikisa bajaji, mabango yalirukaruka machoni mwake, naye akapunguza mwendo mpaka abiria wakagonga chuma kwa vidole: "Vipi, dereva, tunakwenda mazishini?" Siku moja fundi wa vioo alikuja na kioo kidogo cha bafuni. Alimwona Kioo, akamsalimu, akasimama akiangalia viatu vyake, kisha akavuka kwenda kwenye pikipiki.

Furaha moja tu aliipata katika wiki hizo. Mama mkwe wake alipoiona bajaji alipiga makofi. Aliingia, akakaa katikati ya kiti, akajitandazia kanga yake, akashika chuma kwa kila mkono.

"Sasa hii ndiyo heshima," alisema. "Mkwe mbele, mimi nyuma, na ukuta katikati. Nipeleke popote, baba!"

Akawa anampeleka kliniki ya macho. Njiani alimsimulia habari za majirani kwa sauti ya juu ili zipite kelele za injini, na Kioo alijikuta akicheka. Kwa muda huo mfupi aliona kwamba labda mtu anaweza kuishi hivi. Asingekuwa Kioo tena, lakini angekuwa mtu anayempeleka mama mkwe wake kliniki, na hilo nalo ni jambo.

Asubuhi ya ajali walikuwa wanarudi. Daktari wa macho alikuwa amempa mama mkwe miadi ya kupasuliwa jicho, naye alikuwa anahesabu kwa sauti vitu atakavyoviangalia kwanza: nyuso za wajukuu, kisha mishono ya binti yake, aone kama kweli imenyooka kama anavyojisifu. Alikuwa amesogea upande wa kulia wa kiti ili jua lisimpige. Barabara ilikuwa na makunyanzi, mabango yakicheza machoni mwa Kioo. Mkokoteni wa maji ukachomoza kutoka uchochoro wa kulia.

Alishtuka. Alitaka kwenda kushoto, na mkono wa kushoto ukasukuma mbele, kidogo tu, kwa ustadi wote wa miaka yote. Bajaji ikamwendea mkokoteni. Akaona madumu ya manjano yamejaa kioo cha mbele, akauvuta usukani kushoto kwa nguvu zake zote, na mwili wake ukalala kushoto, lakini chombo chenyewe hakikulala. Gurudumu la nyuma la kushoto likainuka. Alisikia sauti ya mama mkwe, fupi, kama mtu aliyeitwa ghafla: "Ee!" Kisha bajaji ikaangukia ubavu wake wa kulia.

Watu waliinua gari kwa mikono, halikuwa zito. Kioo alikuwa na mchubuko kwenye kiwiko. Mama mkwe alikuwa amelala chini ya turubai, uso umekuwa wa kijivu, na mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Baba," alimuuliza, "wewe umeumia?"

Ilikuwa nyonga. Hospitali walisema mifupa imezeeka, na kwa hali ya moyo wake hawawezi kumpasua. Arudi nyumbani, alale, wavute subira. Miadi ya jicho ikapita bila mtu kuikumbuka. Walimleta kwa binti yake, wakamtandikia kwenye chumba cha mapacha, na mapacha wakahamia sebuleni.

Kioo hakushika tena ufunguo wa bajaji. Aliuweka juu ya meza ya cherehani asubuhi moja, pembeni ya mkasi, na Mama Pacha akauangalia kwa muda mrefu. Kisha akaifunika cherehani kwa shuka, akaenda kumtafuta Sebule.

Mama Pacha alijifunza haraka mno. Kioo alikaa kwenye tofali ukingoni mwa uwanja wa mpira akitazama. Mkewe hakuwahi kuendesha chochote maishani mwake zaidi ya kanyagio la cherehani. Alipotaka kwenda kushoto aligeuza usukani kushoto. Kabla ya kona alipunguza mwendo, akapita, akaongeza. Alikaa wima kama anayeshona. Sebule aliteremka mapema, akaja kusimama karibu na Kioo akijifuta shingo.

"Huyu hana cha kusahau," alisema, na mara akaona alichosema. "Samahani, ndugu yangu. Sikukusudia."

"Umesema kweli," Kioo alijibu.

Mama Pacha akapata kazi ya kuwapeleka wanafunzi shule na kuwarudisha, na katikati akabeba wanawake wa sokoni, ambao walimpenda. Alitoka alfajiri, akarudi jua likizama. Kioo akabaki na nyumba, na mgonjwa.

Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Aliweza kupika uji, ingawa alimwaga nusu akiutembeza. Lakini mama mkwe alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kubadilishwa nguo. Na huyu alikuwa mwanamke aliyetembea mji mzima kwa miguu ili asimshike mkwe wake kiuno.

"Mama, nimwite jirani?" Kioo aliuliza akiwa nje ya mlango, macho yameangalia sakafu.

"Hapana, baba. Niko salama. Nitamngoja mwanangu."

Jirani alikuja siku alizoweza, siku nyingine alikuwa na yake. Siku hizo Kioo alikaa kwenye kigoda nje ya chumba, na pazia kati yao, akisikiliza. Aliposikia kitanda kinalia alijua anajaribu kujigeuza. Aliposikia kimya alijua ameshindwa. Harufu ilimfikia, naye akajua kwamba mama mkwe anajua imemfikia, na kila mmoja akamwonea mwenzake haya. Siku moja alisimama, akalishika pazia.

"Mama, niruhusu. Mimi ni mwanao."

Kitanda kililia kidogo.

"Wewe ni mwanangu," sauti ilisema, "ndiyo maana nakuomba usiingie."

Akaliachia pazia. Akarudi kukaa.

Vidonda vya kulala vilimjia mgongoni, na baada ya vidonda ikaja homa. Alifariki wakati wa mvua, mchana, Mama Pacha akiwa barabarani na watoto wa watu. Kioo ndiye aliyegundua, kwa kuwa kitanda hakikulia tena tangu asubuhi. Hata hapo hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, akabisha hodi, akabisha tena.

Msiba ulipokwisha na wageni wakatawanyika, alimkuta mkewe uani akikaza nati za kioo cha pembeni cha bajaji. Alikuwa amejifunza hata hayo.

"Nilaumu," alimwambia.

"Nikulaumu nini?"

"Sema. Chochote. Sema nimemuua mama yako. Usinyamaze tu hivi kila siku."

Mama Pacha aliweka spana chini. Uso wake ulikuwa umekaushwa na jua na vumbi, na kwenye vidole vyake vya fundi cherehani kulikuwa na grisi. Alimtazama kama anayetafuta kitu ndani yake cha kukasirikia, na asikipate.

"Baba Pacha, nimechoka," alisema. "Kesho nina wanafunzi asubuhi."

Akamalizia nati, akaingia ndani.

Tangu hapo Kioo hafanyi kazi nyingine ila kuosha bajaji. Jioni mkewe akirudi, anachota maji kwenye ndoo, anayabeba akiburuza nyayo na macho yake chini, anaosha turubai, kiti na magurudumu yote matatu, anakung'uta mchanga ulioletwa na viatu vya watoto. Kijiweni haendi. Mapacha wamekuwa wakubwa, wanamsalimia na kupita. Watu wapya wa mtaani wanamjua kama mume wa yule mama wa bajaji, na wakimwona anavyotembea wanaambizana kwamba ni mlevi, masikini, na mkewe anavyohangaika.

Juzi Mama Pacha alishuka, akamkabidhi ufunguo ili afunge, akamuuliza kama anavyomuuliza kila siku akipita, "Umekula?"

"Nimekula," alisema.

Hakuwa amekula. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akaanza na gurudumu la mbele.